Siku Niliyomsemea Mungu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikifumba macho naiona, na nikiyafumbua naiona vilevile. Ilikuwa Alhamisi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, ikakatika alfajiri, na jua likatoka kali kana kwamba hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimesimama kwenye mdomo wa shimo na udongo mkononi, na watu sita wananitazama wakingoja niwaambie Mungu amesema nini.

Nitakueleza yote, ila unisamehe nikienda polepole. Nimechoka, na si magoti peke yake. Tangu asubuhi nimesikiliza redio, na redio haina huruma: vita huko mashariki, bei ya kobalti imeshuka tena, barabara imefungwa. Nikitoka nje nawaona vijana wa mtaa wetu wa Kapata wameegemea kuta za nyumba za kampuni ya migodi, wanangoja kitu ambacho hata jina lake hawalijui. Juzi ulipokuja na wenzako wawili, mkaniletea udongo wa shimo lenu, ukaniita baba kama mnavyowaita wazee wote, ukasema, "Tata, uombe, kisha utuambie kama tuingie," niliwafokea nikafunga mlango. Halikuwa jambo la haki. Mlikuja na swali la kufa na kupona, mkaondoka na kelele za mzee. Leo nakupa jibu, na jibu lenyewe haliwezi kusimama bila hadithi yake.

Baba yangu alitoka Musumba, kule Kapanga, akiwa kijana mwenye sanduku moja la mbao. Kampuni ilimwajiri, tukapewa nyumba hapa Kapata, yenye bomba uani, na kila mwezi gunia la unga likaletwa mlangoni. Sisi watoto tulidhani unga unaota kwenye malori. Halafu mambo yakaharibika, kwanza polepole, kisha yote kwa pamoja. Mshahara ukasimama. Unga ukasimama. Bomba likakohoa wiki nzima, likanyamaza. Baba aliendelea kuvaa kofia yake ya kazi kila asubuhi na kwenda kukaa getini, miezi na miezi, kwa sababu hakujua mwanamume hufanya nini kingine saa kumi na mbili asubuhi. Nilimcheka wakati ule. Sasa simcheki.

Mwenye njaa hana miiko. Sisi vijana tulichukua nyundo na patasi tukaenda kuchimba penye mawe ya kijani na meusi, bila kumwuliza mtu. Tulishuka pekupeku, vidole vya miguu vikishika vishimo tulivyochonga ukutani, taa imefungwa kichwani kwa mpira wa baiskeli. Nisikudanganye, mimi sikuwa mchimbaji mzuri. Kifua changu kilikuwa chembamba na mkono wangu mwepesi. Ila nilikuwa na sauti. Katika kikundi cha maombi cha vijana, nikianza sala, akina mama waliacha kunyonyesha wakainua mikono. Sauti hiyo nilipewa bure, na ndiyo niliyoitumia vibaya.

Unajua desturi yetu ya mashimoni, kwa kuwa mpaka leo mnayo. Kundi likifungua shimo jipya, halishuki kabla udongo wa kwanza haujaombewa. Wengine hupeleka kwa mganga, wengine kwa mtumishi wa Mungu, na wengine, kwa tahadhari, kwa wote wawili. Kundi letu lilikuwa na mkubwa wa shimo, ambaye tulimwita Pedeje kama wakurugenzi wanavyoitwa, ingawa viatu vyake havikuwa na soli. Pedeje ndiye aliyeniambia siku moja, "Kayemb, weye hauna nguvu ya kuchimba. Utaombea shimo. Utapata gunia yako sawa na batu bote." Nikakubali. Nani angekataa? Kazi yangu ikawa kufunga chakula siku moja, jambo ambalo wakati ule halikuhitaji bidii, kisha kusimama mdomoni mwa shimo na kusema kama leo ni siku ya kushuka au siku ya kukaa.

Mara ya kwanza niliomba kweli. Niliomba mpaka jasho likanitoka, nikanyamaza nisikie. Sikusikia kitu. Nilisikia kuku wa jirani. Lakini watu walikuwa wamesimama wananitazama, na kunyamaza mbele ya watu wenye njaa ni kazi ngumu kuliko kuchimba. Nikasema, "Mungu amesema tushuke." Wakashuka, wakakuta mshipa mnene wa mawe mazuri, na jioni walinibeba mabegani.

Tangu siku hiyo, mwanangu, niliacha kuomba. Niliendelea kufumba macho, na midomo ilicheza, lakini nilichokuwa nasoma ni nyuso zao. Nikiona wamechoka, Mungu alisema wapumzike. Nikiona wana hamu, Mungu alisema washuke. Ulimi hauna mfupa. Watu walitoka mitaa mingine kuja kuniona, wakaanza kuniita mtumishi, nami nikaanza kutembea polepole kama watumishi wanavyotembea. Ukiniuliza kama niliamini, nitakujibu kwamba niliamini sana, ila sijui niliamini nini. Nadhani niliamini kwamba Mungu hatathubutu kuniaibisha.

Mtu mmoja tu hakuniita mtumishi. Ilunga. Tulikua naye mlango kwa mlango, tuligawana daftari shuleni. Alikuwa mchimbaji hodari kuliko wote, na ndiye aliyekuwa anatangulia kushuka kila siku, ajaribu ukuta kabla ya wengine. Alinipenda na alinitania. Akinikuta natembea polepole ananiuliza kama nina kidonda mguuni.

Sasa turudi Alhamisi ile. Walinzi wa mgodi walikuwa wametangaza kwamba Jumatatu kila mtu ataondolewa na eneo litazungushiwa uzio. Chini ya shimo letu kulikuwa na mshipa ambao tulikuwa tumeufikia tu, hatujaula. Kila mchimbaji anajua kwamba udongo ukinywa maji hungojewa siku mbili tatu ukauke. Siku hizo hatukuwa nazo. Pedeje akasema, "Kayemb, sema. Lundi banafunga fasi." Nikatazama nyuso. Zote zilitaka kushuka, isipokuwa moja.

Ilunga alinivuta kando, nyuma ya rundo la magunia. Wengine walituona lakini hawakusikia. Akanionyesha kwa kidole sehemu ya ukuta, kama mita mbili chini ya mdomo.

"Angalia pale, Kayemb. Iko mupasuko. Udongo iko na maji, mi naogopa." Kisha akanishika bega. "Weye uko rafiki yangu. Mungu alikuambia kweli, ao unasema tu?"

Huo ndio mlango, mwanangu. Mungu alinifungulia mlango mpana na kuushikilia wazi. Ilitosha kusema neno moja, sijui. Tungekaa chini, Pedeje angetukana, tungelala njaa kama tulivyozoea. Lakini nilifikiri kuhusu wale walionibeba mabegani, na kuhusu gunia langu, na kuhusu jina langu. Nikamtazama rafiki yangu machoni.

"Alisema," nikamjibu. "Ingia, usiogope."

Akaniamini. Akafanya ishara ya msalaba, akafunga taa kichwani, akashuka.

Ukuta haukuanguka kwa kishindo. Ulishuka kwa pumzi moja nzito, na mdomo wa shimo ukajaa matope mbele ya macho yetu. Pedeje alipiga ukelele. Wengine wakaanza kuchimba kwa mikono. Na mimi? Mimi nilipiga magoti, nikainua mikono, nikaanza kuomba kwa sauti ile yangu, kwa sababu ndiyo kazi niliyoijua, na kwa sababu ukifumba macho huoni.

Mama yake Ilunga aliitwa, akaja mbio akishikwa mkono na jirani, maana macho yake yalikuwa yameanza kuwa na ukungu. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole, mwimbaji wa kanisani. Alisikia sauti yangu kabla ya kuniona. Akanijia moja kwa moja, akanipiga kofi la kichwa mbele ya watu wote.

"Kayemb! Mungu haiko kiziwi. Kamata pelle!"

Nikachukua koleo. Tulichimba toka saa tatu. Tata Saidi, Mwislamu mwenye lori, ambaye wazee wake walitoka Maniema, alikuwa anapita na miti ya kujengea nyumba ya mtu. Alisimamisha lori, akatupa miti yote chini tuegemeze ukuta, akasema "Ya Mungu" mara moja tu, akavua viatu akaingia kwenye matope pamoja nasi. Nimewahi kusikia mahubiri mengi maishani. Sijasikia yaliyofikia yale.

Saa kumi tulimtoa Ilunga. Alikuwa amekwisha kufa, pengine tangu dakika ya kwanza. Mama yake alimfuta udongo usoni kwa pindo la kitenge chake, taratibu, kama anamwosha mtoto kabla ya kwenda shule. Hakulia. Mimi nililia, tena kwa sauti kubwa, na hata kulia kwangu kulinichukiza.

Siku ya tatu ya kilio watu walikuwa wengi uani kwao, wanawake juu ya mikeka, wanaume juu ya viti vya kuazima. Mchungaji aliniomba niseme neno la faraja, kwa kuwa nilikuwa rafiki na, kama alivyosema, mtu wa sala. Neno nilikuwa nalo tayari. Nilikuwa nimelitengeneza vizuri: kwamba Mungu humchukua mapema ampendaye, kwamba ni mapenzi yake, kwamba tusiulize. Nikasimama. Sijamaliza salamu, mama yake akainua mkono kutoka mkekani.

"Ngoja, Kayemb. Mbele ya kuhubiri, ujibie. Mutoto yangu alikuuliza kitu pale ku shimo. Benzake balikuona. Alikuuliza nini?"

Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na mimi uchi wangu nilikuwa nimeuficha chini ya jina la Mungu kwa mwaka mzima.

"Aliniuliza kama Mungu alisema kweli, mama."

"Ulimujibia nini?"

"Nilimuambia alisema."

"Na alisema?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nataka ujue hivyo. Hata pale, mbele ya jeneza, uongo ulikuwa umekaa kwenye ncha ya ulimi umevaa vizuri. Nani angenipinga? Mungu? Alikuwa hajanipinga hata siku moja.

"Hapana, mama. Sikusikia kitu. Ata siku moja sikusikiaka kitu."

Mjomba wa marehemu alinirukia na kiti. Vijana wakasimama. Sijui ningetoka vipi pale kama yule mama asingesema, bila kupandisha sauti, "Mumuache. Leo njo mara ya kwanza anasema kweli." Kisha akageukia upande ambao alidhani nipo. "Kwenda kwenu. Yenga asubuhi, ukuye hapa. Usichelewe."

Jumapili nilikwenda. Nilidhani wameniandalia kipigo. Nilimkuta mlangoni amevaa, peke yake, amenyoosha mkono. Ilunga ndiye aliyekuwa anampeleka kanisani, kwa sababu ya macho yake na malori na mitaro. Sasa mkono ule ulikuwa umenyooshwa kwangu. Nikaushika. Tukaenda kanisani.

Tuliendelea hivyo kila Jumapili. Usifikiri ni hadithi tamu. Hakuwahi kunitamkia kwamba amenisamehe, wala mimi sikuthubutu kumwuliza. Mwaka wa kwanza, mwimbaji yule hakuimba hata ubeti mmoja. Watu wakisimama, yeye anakaa. Wakifumba macho, yeye anatazama mbele kwenye ukungu wake. Siku moja tukirudi nikashindwa kujizuia.

"Mama, kama hauimbe, hauombe, juu ya nini tunakuya?"

Akaruka mtaro akinishika mkono, akajibu. "Mi niko na kasirani na Mungu. Siko na maneno ya kumuambia. Lakini ukiwa na kasirani na baba yako, unaendaka kulala kwa nani? Unabakia mu nyumba yake tu."

Nimesikia watu wakieleza imani kwa vitabu na kwa spika kubwa. Mimi nilielezewa njiani, na mama asiyeona vizuri, tukiruka mtaro. Imani yake haikuwa na neno lolote la kujua kesho. Ilikuwa kuvaa, kunyoosha mkono, kwenda, kukaa. Alipoanza tena kuimba, mwaka wa pili, aliimba sauti ya chini tu, na wengine hawakugundua.

Mimi sikuomba tena kwa sauti. Miaka sita ilipita. Kisha binti yake mdogo akashikwa na uchungu wa kuzaa, akapelekwa hospitali, na habari ikatukuta njiani kwamba hali ni mbaya. Mama akasimama palepale katikati ya vumbi, malori yakipita.

"Kayemb, omba."

"Mama, sijue nitamuambia nini."

"Basi muambie ile. Ile njo kweli."

Nikasimama kando ya barabara, nikamwambia Mungu kwamba sijui. Kwamba sijui atafanya nini, sijui kwa nini Ilunga, sijui kama ananisikia, na kwamba tunaogopa. Sikufumba macho. Sauti yangu nzuri haikutoka, ilitoka nyingine, nyembamba, ambayo sikuwa nimeisikia tangu nikiwa mtoto. Nadhani hiyo ndiyo sala ya kwanza ya maisha yangu.

Binti alipona. Lakini usikimbilie kusema kwamba sala yangu ilijibiwa, maana mwaka uliofuata tuliomba hivyohivyo kwa ajili ya mjukuu wa mama yule, tena kwa machozi zaidi, na tukamzika. Sikupewa maelezo siku ile na sijapewa mpaka leo. Jumapili iliyofuata, yule mama alikuwa mlangoni, amevaa.

Alifariki miaka miwili iliyopita, baada ya miaka mingi ya kushikana mikono. Mpaka siku ya mwisho tulimwita Mama Ilunga, kama ilivyo desturi yetu kumwita mama kwa jina la mzaliwa wake wa kwanza. Kila aliyemwamkia sokoni alilitamka jina la mwanawe, na mwanawe hakuwepo. Nilikuwa kando yake, nikilisikia.

Basi, mwanangu, sikiliza, kwa kuwa sina nguvu ya kusema mara mbili. Mnauliza kama mwingie shimoni. Mimi sitawaambia Mungu amesema, kwa sababu hajaniambia, na sitarudia tena kumtia maneno mdomoni. Nitakaa nanyi, nitaomba nanyi, nitaomba mpaka mchoke. Lakini ukutani mtazame kwa macho yenu. Ilunga aliuona ule ufa kwa macho aliyopewa na Mungu, na mimi nikayafunga kwa jina la Mungu. Sijui dhambi inayozidi hiyo. Woga wako usiuite ukosefu wa imani; mara nyingine ndiyo sauti pekee utakayoisikia siku hiyo. Na akitokea mtu anakuambia kwa uhakika kwamba Bwana amemwonyesha, mpe heshima yake, kisha umwambie ashuke yeye kwanza.

Nyakati hizi ni ngumu, siwezi kuzipaka rangi. Nilidhani zetu ndizo ngumu, kumbe zilikuwa zinajifunza. Kazi itakuja na itakwenda, uzio utawekwa na utahamishwa, na watapita watu wengi wakikuuzia uhakika, maana uhakika ndio unaonunuliwa zaidi na wenye njaa. Wewe usiununue, wala usiuuze. Ukijua, sema unajua. Usipojua, sema hujui, hata kama watu sita wanakutazama, hata kama mia sita. Mwambie Mungu ukweli, kwa sauti yoyote uliyo nayo. Ukikosa neno, kaa kimya, lakini kaa. Ukimkuta jirani amefukiwa na mambo yake, usimhubirie ukiwa umesimama juu yake. Shika koleo kwanza. Wala usiogope kumkasirikia Mungu. Ogopa tu kuondoka.

Nenda sasa, uwaambie wenzako nilivyosema, na mniwie radhi kwa mlango ule. Mungu akulinde juu ya ardhi na chini yake. Akupe mkate wa leo, na wa kesho akupe subira ya kuungoja. Mama yako aitwe kwa jina lako mpaka nywele zake ziwe nyeupe zote, na kila watakapomwita, wewe uwepo karibu, uitike.